Mwenye Nyumba Hana Etapi

Jamani, mtu anaweza kweli kumpa mwenzake usiku mmoja tu wa kupumua? Rais wetu wa Kongo kaongea tarehe 21 Julai 2020 usiku, kasema hali ya dharura ya Korona imeisha, huku kwetu Ndosho, hapa Goma, tumepiga makelele mpaka mbwa nazo zikaanza kujibu. Tarehe 22 asubuhi, hata chai haijachemka, nani yuko mlangoni? Mwenye nyumba. Na hodi yake si hodi ya mtu aliyekuja kushangilia na wewe, ni ile ya funguo kwenye bati, ko ko ko, ile ambayo mpangaji yeyote anaijua hata akiwa usingizini, na ndiyo maana niko hapa naandika nikiwa na hasira badala ya kwenda kutafuta kazi.

Mi kwanza nina swali dogo kwa wakubwa. Wakati wa kufunga, tulifungwa kwa mdomo mmoja: tarehe 18 Machi shule fyu, kanisa fyu, baa fyu, ndoa, kilio, stade za mpira, vyote siku moja, hakuna aliyetuuliza kama tuko tayari. Tarehe 24 ikaja hali ya dharura yenyewe, Kinshasa ikafungiwa peke yake. Sasa wakati wa kufungua njo tunasikia polepole, kwa etapi, hatua kwa hatua. Kufunga haraka, kufungua kwa adabu. Na etapi zenyewe uzisikilize vizuri: kuanzia tarehe 22 Julai maduka, benki, restora, baa, sherehe na usafiri. Tarehe 3 Agosti shule na universite. Tarehe 15 Agosti kanisa, mipaka, viwanja vya ndege, stade. Yaani bia ya Primus imetangulia Mungu kwa wiki tatu na kitu. Mke wangu ni wa kwaya, ya sauti ya kwanza, aliposikia hivyo alizima redio akaenda kulala bila kusema neno, na mi nikanyamaza vilevile, juu mtu mwenye akili hacheki hapo.

Kazi yangu wengine mnaijua. Nakodisha viti, vile vya plastiki, vyeupe, ingawa sa hivi weupe umebaki kwenye kumbukumbu. Mtaani wananiita Papa Viti. Viti vinakula sehemu mbili tu, ndoa na kilio, na zote mbili zilifungwa siku moja. Hata kufa kwenyewe watu wamekufa kimyakimya, kutoka morge moja kwa moja makaburini, hakuna kukesha, hakuna kahawa ya usiku, hakuna shangazi wa kuzimia, basi hakuna kiti. Nimebaki na viti zaidi ya mia moja ndani ya saloni ya nyumba ya mbao, vimepangwa mpaka kwenye bati, na sisi tunapita kiupande ili kwenda chumbani.

Sasa alivyoingia mwenye nyumba. Ni muzee wa heshima, kofia, daftari kwapani, kashene, yaani barakoa, kaivaa vizuri kabisa kwenye kidevu. Nikasema leo nitaanza na protokole, labda atachoka njiani. «Muzee, karibu, tunawe kwanza.» Akaniangalia. Goma hatukufundishwa kunawa na Korona, hii mikono imenawa tangu Ebola, ile iliyofika hapa mjini Julai 2019, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020, hata hatukupata siku ya kucheza muziki. Paji langu hili la uso limepigwa termofulashi, kile kipima-joto, mpaka linajua lenyewe kuinama. Basi muzee akafungua kibomba cha bido, lile dumu la maji, matone mawili, yakakata. Watoto wamemaliza maji. Akabaki na sabuni mikononi, anaishika hewani, ananiangalia mi.

«Papa Viti, hata maji hauna?»

«Maji iko Muzee, iko ziwani.»

Hakucheka. Akajipangusa kwenye pazia langu, akasema apewe kiti, na akae mbali na mimi metre moja kwa sababu yeye ana umri. Nikasema hapo umefika kwa mwenyewe, viti njo usiseme. Nikashika cha juu, nikavuta. Hakitoki. Unajua kiti cha plastiki kikikaa juu ya mwenzake miezi yote hii, na joto la bati, na vumbi la mawe meusi la huku kwetu, vinashikana vinakuwa kitu kimoja. Nikavuta tena. Rundo lote likanifuata. Muzee akasema, shika chini mi nishike juu. Mi nikashika miguu ya cha chini, yeye kakumbatia mgongo wa cha juu, tukavutana, metre moja imekufa, dharura imekufa, pua yake na yangu zinasalimiana, daftari limeanguka, mke wangu anachungulia na kijiko mkononi hajui aingilie upande gani. Nyumba za mbao hazina siri, jirani wakasikia mbao zinalia na wanaume wawili wanahema, wakaja mbio wakidhani tunapigana. Wakajaa dirishani. «Muachie, Papa Viti! Muzee wa watu huyo!» Nikawaambia tunatoa kiti. Hakuna aliyeamini.

Kikatoka. Kikatoka vizuri sana, pwaa, muzee akarudi nyuma nacho kifuani akaketi chini kwenye beseni ya sombe, majani ya muhogo, ambayo mama watoto alikuwa ameitwanga jana yake, na kutoka kwenye rundo la pembeni likashuka yai. Yai la kuku. Kumbe kuna kuku alifungua biashara ndani ya viti vyangu, wakati mi nimefungiwa yangu. Likabingirika taratibu juu ya sementi, likafika kwenye kiatu cha muzee, likasimama. Wote tukaliangalia.

Muzee, bado yuko kwenye sombe, akanyoosha mkono, akalichukua, akalipangusa, akaliweka mfukoni. Kisha akaomba daftari lake. Akaandika malipo ya mwanzo, huku anasoma kwa sauti: «Machi. Avansi. Yai moja.»

Dirishani sauti ya mama mmoja ikapaa: «Ile yai ni ya kuku yangu!»

«Mama, kuku yako ilikodi hapa? Basi na yeye ana deni,» muzee akamjibu. Sasa niambieni, na mtu kama huyu unaanzia wapi?

Nikaona heshima yangu inapotea mbele ya watu, nikakohoa, nikanyoosha shati, nikasimama kama mtu yuko televisheni ya taifa. Nikasema: «Muzee wangu, jirani wapendwa. Kama mlivyosikia kwenye diskuru, nchi inafunguliwa kwa etapi tatu. Na mi kama raia mwema nitalipa kwa etapi tatu. Etapi ya kwanza, leo, ni mazungumzo. Etapi ya pili, tarehe 3 Agosti, nitalipa Machi. Etapi ya tatu, tarehe 15 Agosti, ndoa zikianza, tutaangalia Aprili na Mei, kulingana na hali ya ugonjwa.» Dirishani wakapiga makofi. Nikaongeza kwamba hata bunge, ile dharura kila siku kumi na tano zikiisha lilikuwa linaongeza kumi na tano nyingine, na hakuna aliyebeba bati la mtu, basi na yeye anifanyie kama bunge.

Muzee akasimama, majani ya sombe yako nyuma ya suruali, hakuna aliyethubutu kumwambia. Akasema polepole, na ile sauti ya polepole njo mbaya: «Papa Viti, mi siko bunge. Lakini umesema vizuri, mi pia nina etapi. Leo natoa bati. Tarehe 3 Agosti natoa mlango. Tarehe 15 nakutoa wewe.»

Wakacheka. Si watoto tu, wote, na mke wangu kwa ndani nikasikia kijiko kinaanguka. Watu niliowapa viti vya bure kwenye ubatizo.

Tukaja kwenye bei, hapo njo mchezo uliisha kabisa. Yeye anadai kwa dola, kama kawaida ya Goma. Mi natafuta franga, kama kawaida ya Mungu. Nikamwambia tuhesabu kwa taux ya Machi, bei ya dola ya wakati ule, juu deni ni la Machi. Akasema dola haikukonfinwa, haikufungiwa ndani, imetembea. Na kweli imetembea, tangu Machi inapanda kila wiki, na mi mwenyewe namwona yule mama mbadilishaji pale kona anavyofuta bei kwenye kibao kwa kidole chenye mate na kuandika nyingine, lakini jamani, mi nilikaa ndani kwa amri, si kwa uvivu. Nani aliyeniambia funga? Serikali. Nani anayeniambia lipa? Huyu. Hawa wawili hawajawahi kukutana? Hawana simu? Mtu anafungiwa mlango wa mbele na mmoja, halafu wa nyuma anagongewa na mwingine anamuuliza mbona hutoki kwenda kutafuta. Mi sikupigana na mtu, sikumtukana mtu, nimenawa, nimevaa, nimekaa, nimefanya yote waliyosema, na mwisho wa yote mimi njo mwenye deni. Basi. Naacha, presha itapanda bure na hospitali nako wanataka avansi.

Aliondoka na kiti kimoja. Kile kile tulichokitoa. Kasema ni dhamana.

Hapo nikatoka kutafuta hizo ndoa. Nikampigia kijana mmoja aliyeniachia avansi Februari kwa harusi ya Aprili. «Papa Viti, sherehe iko ruhusa,» akasema, «lakini padri yuko etapi ya tatu.» Yaani unaweza kucheza, kula, kukata keki, ila kuoana bado. Nikamshauri aanze na sherehe, misa ifuate. Akasema mama wa bibi arusi atanipiga mimi, si yeye. Sikubishana, namjua huyo mama.

Nikaenda kwenye nganda, baa ya huku nyuma, tangu asubuhi imefungua muziki kama vile kuna aliyewadai muziki. Nikajua hawa wanahitaji viti. Mwenyewe akaniambia kwa sababu ya metre moja amepunguza viti nusu, kama nataka anikodishie mimi vya kwake.

Motari, yule wa pikipiki, naye aliniambia yeye hakuona tofauti yoyote, alikuwa akibeba wawili wakati wa dharura, anabeba wawili sasa, tofauti ni kwamba polisi wa kashene ameongeza tabasamu.

Mke wangu yeye anahesabu tarehe 15 kwa ajili ya mambo mawili, kwaya na mpaka. Kabla ya Machi alikuwa anavuka Petite Barrière asubuhi, ananunua karoti na nyanya Gisenyi, upande wa Rwanda, saa nne yuko soko la Virunga anauza. Sasa lori za mizigo zinapita, yeye na beseni lake hawapiti, na nyanya tatu pale sokoni zimepangwa kwenye kisahani kama vito. Nikamwambia asifurahi haraka, mpaka una pande mbili. Sisi tukifungua wetu na ng'ambo wasifungue wao, utatembea mpaka katikati, utasimama, utasalimia Gisenyi, utarudi. Akaniambia nimekaa ndani mpaka roho imechacha. Labda.

Halafu kuna huyu wa kwanza wetu, finalisti, ana egzamen ya leta, mtihani wa taifa, mwaka huu. Miezi yote alikuwa anasema anarudilia masomo chini ya mparachichi, na kweli daftari lilikuwa chini ya mparachichi, yeye sijui. Sasa shule tarehe 3 Agosti, mama yake kamwambia avae yunifomu tuone. Suruali imefika hapa, juu ya kisigino mkono mzima. Viatu havikuingia kabisa. Sisi wote tumekonfinwa, miguu yake peke yake ilikuwa inaendelea na safari. Kiatu kipya hakipo kwenye bajeti, yai limeshachukuliwa, basi nikachukua vile vya kwangu vya harusi nikapeleka kwa fundi wa pale Rond-point Signers, soli ya kushoto imefungua mdomo. Fundi akakigeuza, akakipiga kidole, akasema gundi nzuri huwa inatokea ng'ambo, nimsubiri tarehe 15. Nikamwambia mtoto anaingia shule tarehe 3. Akafikiri. Nikamuuliza, na misumari je?

Akasema misumari iko, mingi tu, ila inatoboaka mguu.