Neil Young na sauti ya mashine: kuitetea Trans, lakini sio yote

Ukitaja Neil Young, yule mwanamuziki wa rock, watu wanawaza gitaa, harmonika na ile sauti yake nyembamba kama mtu anayekaribia kulia, sasa mwisho wa 1982 jamaa anatoa albamu ya Trans, sauti imepitishwa kwenye vokoda, yani mashine inayoifanya sauti ya mtu isikike kama roboti, sinthesaiza (kinanda cha umeme) kila kona, maneno hata huyashiki vizuri. Mashabiki walichanganyikiwa na mi siwalaumu hata kidogo, hakuna aliyewaandaa.

Wengi hawakujua kipindi kile kwamba mwanae Ben alizaliwa na mtindio wa ubongo na haongei. Baba alikuwa anashinda nyumbani akimfanyisha mazoezi masaa na masaa, na ule wimbo wa Transformer Man ni wake huyo mtoto, anamuimba anavyobonyeza kitufe na vitu vinatii. Baadae Young alieleza kwamba msikilizaji hashiki maneno yake kama vile yeye asivyoyashika ya mwanae. Ukishalijua hilo husikii tena roboti aisee, unamsikia mzazi.

Ila wapo wanaosema muziki ujisimamie wenyewe, kama mpaka nisimuliwe habari za familia ndo niuelewe basi kuna shida, na kwa Trans wana haki kiasi. Nyimbo ziko 9 na 3 kati ya hizo ni za kawaida kabisa, masalia ya mradi mwingine alioanza kuurekodi Hawaii, yani ndo unaanza kuingia kwenye ule ulimwengu wake mara unatolewa nje. Hapo alikosea. Lakini Geffen, lebo yake, kumshtaki 1983 wakidai dola milioni 3.3 eti muziki wake haufanani na yeye, hapana, hilo lilipitiliza, na David Geffen mwenyewe, mwanzilishi wa lebo, alikuja kuomba radhi.

Halafu 1993 akaurudia Transformer Man kwenye Unplugged ya MTV, kile kipindi cha kupiga muziki bila vyombo vya umeme, safari hii bila vokoda, ukatoka mzuri mno, na wengi wakasema si mnaona, mashine ndo zilikuwa zinauharibu. Mi hapo nakataa. Ile ya 1993 baba anatuhadithia sisi habari za mtoto, ile ya kwanza yuko upande wa mtoto kabisa, wote wawili hawaeleweki. Naisikiliza mpaka leo, sauti inapopanda juu, kali na ndogo kama ya mtoto, nusu ya maneno inanipita na bado najua anaongea na nani.