Sikumtukana mteja, nilikuwa naitukana kompyuta

Nyie mlioona status ya yule rafiki yangu kwamba nimemwita mteja mbwa, naomba mnisikilize na mimi. Nilikuwa naitukana kompyuta, mama wa watu akapita katikati.

Jana mteja anakuja saa tano kuona tovuti ya duka lake la vitenge, saa nne mimi bado nahangaika na bango la juu. Naandika, nasevu, narifreshi, hola. Nikafuta node_modules, folda ya programu saidizi za mradi, nikapiga npm install kuzishusha upya kwa bando langu mwenyewe, nikawasha seva ya Vite, ile inayoonyesha tovuti humuhumu kwenye laptopu kabla haijapanda hewani, hola. Kwa hasira nikatoa "Karibu Dukani" nikaweka kwa herufi nyekundu BADILIKA BASI MBWA WEWE. Hola.

Mama huyo kaingia, shikamoo, marahaba, laptopu ikachomekwa kwenye TV ya ofisi, namwonyesha ya zamani huku najichekesha. Dogo wa field, hana hata wiki mbili, akainama kwenye terminali yangu, lile dirisha la kuandikia amri: "Kaka, Vite imeandika hapa poti 5173 inatumika, imehamia 5174. Seva ya juzi hukuizima, inasoma folda ya zamani."

Kweli bwana. Juzi nilikopi mradi wote kwenye folda mpya nikaiita final2 (usicheke, na wewe unayo). Yaani asubuhi nzima napaka rangi kwangu halafu naenda kuchungulia kwa jirani kama imekolea.

Furaha ndiyo iliyoniponza. Nikafuta ile 3 ya mwisho wa namba ya poti kwenye anwani ya kivinjari nikaweka 4, nikabonyeza Enter, na kidole hakijanyanyuka vizuri ndio nikakumbuka nilichoandika. Nikaurukia waya wa TV. Sikuufikia. Likatokea, jekundu, ukuta mzima, na chini yake picha ya mama mwenyewe kajifunga kitenge anatabasamu. Akatoa miwani kwenye pochi. Akaifuta kwa ncha ya mtandio, akavaa, akasoma neno moja moja kwa sauti kama anasoma kadi ya mchango. Badilika. Basi. Mbwa. Wewe.

"Mwanangu, hii ndiyo nimelipia?"

Basi, nikaomba radhi, bosi akapunguza bei, jioni tovuti ikapanda hewani. Ofisini sasa naitwa 5174.

Leo asubuhi mama kapiga simu, anauliza kama nimeshabadilika.