Chu Shijian: mwizi wa mali ya umma au meneja aliyepunjwa?

Januari 1999, Mahakama Kuu ya jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa China, ilimhukumu Chu Shijian kifungo cha maisha kwa ubadhirifu wa dola milioni 1.74 za Marekani. Alikuwa anakaribia miaka 71, na kundi la kampuni za sigara la Hongta alilolijenga lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa barani Asia. Kosa lenyewe halibishaniwi sana, kwa kuwa fedha zilichukuliwa na kugawanwa na wakubwa wa kampuni. Ubishi uliobaki China hadi leo ni kama mtu huyo aliiba, au alijilipa kwa mlango wa nyuma kile alichonyimwa mbele.

Wanaomtetea huanzia mwaka 1979, alipokabidhiwa kiwanda cha sigara cha Yuxi, ambacho ndicho kilichokuja kuwa Hongta, chenye mashine kuukuu na sigara zisizo na jina. Aliagiza mitambo kutoka Uingereza, akafunganisha mishahara na uzalishaji, kisha akafanya jambo ambalo wakurugenzi wenzake hawakuliona kuwa ni kazi yao: alikwenda mashambani. Aliwapatia wakulima wa tumbaku mbolea na fedha za kuendeshea kilimo, akaliita shamba "karakana ya kwanza" ya kiwanda, kwa hoja kwamba hakuna mtambo unaoweza kuligeuza jani baya kuwa sigara nzuri. Katika miaka 17 hivi, kodi na faida zilizokwenda serikalini zilifikia yuani bilioni 99.1, wakati mapato yake yote halali yanakadiriwa kuwa yuani 800,000 tu, yaani chini ya yuani 4,000 kwa mwezi. Mageuzi ya uchumi ya China yalikuwa yamempa meneja madaraka ya mfanyabiashara yakamwachia mshahara wa karani. Wachina wanayo hata namna ya kulitaja tatizo hilo: huita "jambo la umri wa 59", yaani wakurugenzi wa mali ya umma kujichotea mara kustaafu kunapokaribia, kwa kuwa mwaka unaofuata hawatakuwa na kitu.

Hoja hii inavutia, lakini ina tundu. Sigara nchini China ni ukiritimba wa serikali: tangu miaka ya 1980 viwango vya uzalishaji vinapangwa na mamlaka, na mgeni hawezi kuingia sokoni akakunyang'anya wateja. Bilioni hizo 99.1, kwa sehemu kubwa, ni kodi iliyotoka mfukoni mwa mvutaji, na kuzihesabu zote kama jasho la mtu mmoja ni kumpa sifa zisizo zake. Zaidi ya hayo, Chu alikuwa wakati mmoja mkuu wa kiwanda, wa kampuni ya tumbaku na wa ofisi ya udhibiti wa tumbaku ya Yuxi. Mpangilio huohuo uliomwezesha kulifikia shamba la mkulima bila kuomba ruhusa ulimwondolea kila aliyepaswa kumuuliza swali. Sigara za Hongtashan, chapa ya kiwanda chake, zilikuwa zikigombaniwa, na kibali cha kuzinunua kwa bei ya kiwandani kilikuwa mali tosha kwa aliyekishika.

Hata hivyo, ukiritimba haujibu kila kitu. Viwanda vingine vingi vya sigara viliishi chini ya ngao hiyohiyo na havikufika popote, kwa hiyo tofauti ilitoka kwa uongozi. Kwa maoni yangu, mahakama haikukosea: mshahara mdogo haumfanyi mtu kuwa mwenye mali, na wavunaji tumbaku walipunjwa zaidi yake bila kujichotea. Ninachokilaumu ni kwamba serikali ilisubiri miaka 17 ikila matunda ya kazi yake pasipo kuiwekea bei, ikaikumbuka sheria mwishoni. Gharama ilimpata binti yake pia, aliyejiua akiwa kizuizini.

Jaribio pekee la kupima kipaji chake nje ya ukiritimba lilikuja baada ya 2002, alipoachiliwa kwa sababu za kiafya akiwa na miaka 74. Yeye na mkewe walipanda michungwa katika milima ya Ailao, kwenye eneo la mu 2,400 (kipimo cha ardhi cha Kichina), ambazo ni takriban hekta 160. Alitengeneza mbolea kwa samadi ya kuku na vumbi la tumbaku, na akaagiza kila mti ubakishiwe matunda 240 hivi ili yaliyobaki yapate utamu. Miti ilichukua miaka. Mwaka 2012 machungwa hayo yaliuzwa Beijing kupitia intaneti yakagombaniwa. Watetezi wake huishika habari hii kama ushahidi wa mwisho, ila wanunuzi wengi walikuwa wakinunua pia hadithi ya mzee aliyetoka gerezani, na ndiyo maana waliyaita "machungwa ya kutia moyo". Chu mwenyewe, hadi alipofariki Machi 2019, alipenda zaidi kuzungumzia uwiano wa sukari na uchachu.