Kamati ya Bia

Zamani kunywa bia kulihitaji vitu viwili: kiu na hela. Hela ikikosekana, lilikuwepo daftari la mangi. Sasa nataka mtu anieleze imekuwaje mpaka bia ya Jumamosi ina mwenyekiti, katibu na mtunza hazina, na mimi ni mjumbe, tena mjumbe ninayedaiwa.

Chanzo ni bango. Jamaa yetu mmoja, mtu wa ofisi za mjini na kadi shingoni, alilirusha kwenye grupu: tamasha la vyakula na bia za krafti, yaani zile za viwanda vidogo, Masaki, kuanzia saa nane mchana. Chini yake akaandika, "Wazee, tuonane huko." Basi. Kwa wenzetu ingeishia hapo, watu wangeonana huko. Lakini sisi ukitamka jambo mbele ya watu zaidi ya wawili, kamati inajizaa yenyewe. Sijamaliza hata kusoma kiingilio, aliyerusha bango keshakuwa mwenyekiti, na mwingine anauliza, "Michango inatumwa namba gani?"

Kiingilio chenyewe elfu 30. Nikadhani ni cha familia. Kumbe hiyo ni ya kupita getini na kufungwa mkanda wa karatasi mkononi. Bia ni tokeni. Unatoa hela yako halali, yenye sura ya Mwalimu, unapewa vipande vya plastiki ambavyo ukitoka navyo nje hata muuza karanga havitaki. Tokeni moja elfu 5, na inakupa glasi ya mililita 150, ukubwa wa kile kikombe kinachokuja na dawa ya kikohozi.

Nikakaa chini na kikokotoo cha simu. Kwetu Kimara, Safari ya nusu lita ni buku mbili jero, baridi, inafunguliwa ukiiona. Kule Masaki nusu lita itanitoka kwa zaidi ya elfu 16. Nikaandika hesabu yote kwenye grupu. Mwenyekiti akanijibu kwamba sijaelewa dhana: pale watu hawaendi kunywa, wanaenda kuonja. Kuonja! Mimi bia naionja miaka yote hii na bado sijafikia uamuzi.

Halafu ikaja orodha ya bia zenyewe. Ipo nyeusi ya kimea kilichobanikwa, ipo ya pasheni, ipo ya embe. Na ipo inayoitwa IPA, yaani India Pale Ale, imeandikwa namba 60 pembeni. Nikajua ndiyo bei imepungua. Hapana, ni kipimo cha uchungu. Watu wameketi, wakapima uchungu, wakauandika kwenye bango kama sifa. Mwenyekiti akatupa historia: Waingereza walipokuwa wakipeleka bia India kwa meli, waliizidishia hopsi, yale maua machungu, ili isiharibike baharini. Sawa, nimeelewa. Lakini kati ya Kimara na Masaki hakuna bahari ya kuvuka, kuna foleni tu. Uchungu wa foleni tunaupata bure.

Baba mkwe wangu yuko Rombo. Nilipompigia kumsalimia nikachomekea habari hiyo, maana hoja ikiungwa mkono na mzee inakuwa nzito. Akacheka mpaka akakohoa. Mbege, pombe yao ya ndizi, akasema, ndizi mbivu zinachemshwa kutwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, kimea cha ulezi kinapikwa uji, na uchungu wake unatoka kwenye magome ya msesewe. "Sasa mkwe, huo uchungu unaokwenda kuulipia, si sisi huku tunaubandua tu mtini?" Nikaipeleka hoja kwenye grupu. Katibu akaandika kwamba imepokelewa na itafanyiwa kazi. Unajua jambo likishaambiwa hivyo limezikwa wapi.

Bia niiache, maana kwenye chakula ndipo presha ilipopanda. Kitimoto ya mtaani unaiona ikiwa mbichi, unaionyesha kwa kidole, "nikatie hapo, na mafuta kidogo," inapimwa kilo, inakaangwa, inakuja na ndizi, kachumbari na pilipili. Kule kuna vibaga vitatu kwenye ubao, kila kimoja kimechomekwa kijiti cha meno, elfu 25. Nikauliza kama vijiti vimo kwenye bei au tunarudisha. Kimya. Kuna na nyama iliyofukizwa moshi kwa saa 12, na hizo saa 12 zimeandikwa kwa herufi kubwa kuliko nyama yenyewe. Mama anayetuuzia samaki wa moshi hapa sokoni anakesha na moshi wa kuni machoni, sijawahi kusikia ametuongezea bei ya masaa.

Mke wangu, mwanamke mwenye akili, akashauri tule kabisa nyumbani: ubwabwa wa nazi na maharage saa sita, tukifika kule ni vionjo tu. Pendekezo likafika kwenye kamati, ikagawanyika. Upande mmoja: ukishiba, bia haiingii. Upande wa pili: usiposhiba, mshahara hautoki salama. Walipiga kura. Nilitaka kura ya siri, ikaamuliwa ya kunyoosha vidole, yaani vile vidole gumba vya njano, na shemeji yangu akapiga mara mbili kwa laini zake zote mbili.

Wakati sisi tunabishana, wake za wajumbe wakafungua grupu lao. Mjadala wao ulikuwa mfupi na hauna rufaa: sare. Ndiyo, sare ya kwenda kuonja bia. Kitenge cha njano, weupe shingoni, ili kifanane na bia na povu lake. Mke na mume. Kitambaa, vifungo, fundi, jumla imepita kiingilio. Fundi kasema nguo zitakuwa tayari Ijumaa. Hakutaja Ijumaa ipi, na mimi sikuuliza, maana hilo ndilo tumaini langu pekee lililobaki.

Kuna usafiri. Kwenda hakuna shida: mwendokasi mpaka Morocco, bajaji mpaka Masaki. Kurudi ndiyo kazi, usiku, watu mna povu shingoni na kichwani. Kuendesha wenyewe haiwezekani, trafiki ana kile kidude cha kupuliza, na hakijui kuonja wala kunywa. Tukamwangukia shemeji, huyo huyo wa laini mbili: mlokole, hagusi kilevi, na ana Noah. Akakubali kwa masharti. Mafuta juu yetu. Njia nzima nyimbo za kwaya. Na saa tatu usiku lazima tuwe tumeondoka, kwa sababu ana mkesha, na kwa kuwa kanisa liko njiani, tutaingia wote tukasalimie. Mtunza hazina akauliza kama na kule kuna kiingilio. Hakujibiwa.

Tena huyo mtunza hazina nina maneno naye. Vikao vyote tumefanyia baa, kwa sababu nyumbani kwa nani utawaweka watu wazima wanaojadili bia kwa maji ya kunywa? Wiki hii katoa taarifa ya mapato na matumizi. Michango ipo, ndiyo. Lakini kuna mstari umeandikwa "viburudisho vya wajumbe", na mstari huo umekula tiketi za watu kadhaa, yangu ikiwemo. Ndiyo maana nadaiwa kitu nilichokwishalipia.

Sasa jana usiku shemeji akauliza kwenye grupu: na yeye atakunywa nini huko? Mwenyekiti, kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye ana jibu, akamwambia asiwe na wasiwasi, ipo kombucha, chai tu iliyochachushwa. Shemeji akapotea. Tukaona tu mtandaoni yupo, haandiki. Alirudi na picha ya maelezo, amepiga mstari mwekundu mahali paliposema kwamba chai hiyo ikichachuka hutoa kilevi kidogo. Chini yake: "Wapendwa, gari halitoki."

Kikao cha dharura ni Alhamisi saa 12 jioni, baa ileile. Katibu kasisitiza wajumbe tuwahi, maana kitimoto keshaagiza, kilo mbili, na inakaangwa kwa fungu la usafiri.