Dagaa wa bwawani sio takataka

Kuna mama mmoja natamani kila mtu anayefuga samaki amjue, Shakuntala Haraksingh Thilsted. Kazaliwa Trinidad, wazee wake asili yao India, kasoma Denmark mpaka PhD, afu usomi wake wote karibu kaumalizia kwenye visamaki vya Bangladesh vinavyoitwa mola, saizi ya kidole tu.

Mwishoni mwa miaka ya 80 alikuwa kule anahangaika na watoto wenye utapiamlo, wamama wakawa wanamwambia hivi visamaki vinasaidia macho. Hakuwapuuza, akavipima maabara, na kweli bwana, mola wamejaa vitamini A, tena nyingi iko kwenye macho ya samaki mwenyewe, na kwa kuwa analiwa mzima na kichwa na miiba, mtoto anapata mpaka kalsiamu, chuma na zinki.

Sasa wafugaji wa kule kabla ya kupandikiza vifaranga vya samaki wakubwa walikuwa wanatia dawa bwawani wanaua vidogo vyote, eti vinawaibia chakula wenzao. Thilsted na wenzake wakawafuga pamoja, wakubwa wakakua vilevile, mola nao wanazaana wenyewe humohumo, hununui mbegu kila msimu. Wakubwa unauza, wadogo unavua kidogo kidogo unapika, na bwawa lenyewe ni la nyuma ya nyumba. 2021 akapewa Tuzo ya Chakula Duniani, na mi naona alistahili muda mrefu.

Kinachoniuma ni huku kwetu. Nimewahi kukaa semina ya ufugaji samaki siku nzima, tukaongelea sato anafika gramu ngapi kwa miezi sita, chakula kilo bei gani, mnunuzi yuko wapi, mpaka tunafunga hakuna hata mmoja aliyeuliza watoto wa mfugaji wanakula nini. Na huyo sato chakula chake mara nyingi kina unga wa dagaa ndani, yaani dagaa walewale wa Ziwa Victoria ambao mtoto angekula na ugali leo jioni, wanasagwa wanalishwa samaki ambaye mama wa huyo mtoto hana hela ya kumnunua. Tunaita hiyo maendeleo, mi nakataa. Bwawa likizalisha tani nzima na nyumba ya jirani yake ina mtoto mwenye utapiamlo, hesabu yetu ina kasoro.

Nyumbani kwetu vichwa vya dagaa vilikuwa vinakatwa, vichungu, vinawekwa kwenye kisahani vinaenda kwa kuku. Tumekua hivyo wote. Siku hizi nachagua dagaa safi wasio na mchanga, nawaosha, nawakausha juani mpaka wanakatika kwa vidole, afu natwanga wote na vichwa vyao, nachekecha, mwanangu wa miaka miwili anawekewa kijiko kwenye mchuzi wa maharage. Ule uchungu wala hausikiki, analamba mpaka bakuli.