Magofu ya Oradour: ukuta ukianguka, usimamishwe tena?

Wanajeshi wa SS, jeshi la chama cha Nazi cha Ujerumani, walitumia alasiri moja tu kukiteketeza kijiji cha Oradour-sur-Glane, karibu na mji wa Limoges nchini Ufaransa. Wafaransa wametumia miaka 80 kuhakikisha kwamba kilichobaki hakitoweki, na kazi hiyo inazidi kuwaelemea. Nyumba zilizoungua hazina paa. Mvua inaingia ndani ya kuta, majira ya baridi maji yanaganda na kutanuka, mawe yanapasuka, kisha mizizi inamalizia. Vyerehani, baiskeli na vitanda vya chuma vilivyokuwamo vyumbani vinaliwa na kutu. Kwa hiyo mafundi hurudi kila mara: huziba nyufa, hung'oa magugu, huegemeza kuta zinazoinama.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Ukuta uliozibwa juzi bado ni ukuta wa tarehe 10 Juni 1944? Na usipozibwa, watoto wa watoto wetu wataoneshwa nini, lundo la kifusi lenye kibao?

Kisa chenyewe ni hiki. Jumamosi hiyo, siku 4 baada ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, kombania moja ya Das Reich, divisheni ya SS, ilikizingira kijiji mnamo saa nane mchana. Siku iliyotangulia, divisheni hiyohiyo ilikuwa imenyonga watu 99 katika mji wa Tulle. Watu wa Oradour waliamriwa wakusanyike kwenye uwanja wa gulio, vitambulisho vikaguliwe. Wanafunzi walitolewa madarasani pamoja na walimu wao. Daktari wa kijiji, aliyekuwa ametoka kuwaona wagonjwa, alirudi na gari lake katikati ya kadhia na kuunganishwa na wenzake. Wanaume waligawanywa katika maghala na gereji 6, wakapigwa risasi, wakafunikwa nyasi kavu na kuni, wakachomwa wengine wakiwa bado hai. Wanawake na watoto walifungiwa kanisani, kisha kanisa likachomwa moto. Ndani ya kanisa alitoka mtu mmoja tu, Marguerite Rouffanche, aliyeruka dirishani nyuma ya altare, akapigwa risasi kadhaa na kujificha katika shamba la njegere mpaka kesho yake. Kwenye ghala moja walisalimika wanaume 5 waliofunikwa na miili ya wenzao. Mmoja wao, Robert Hébras, alikuwa kijana wa miaka 18. Mama yake na dada zake wawili walikufa kanisani.

Waliouawa ni 643.

Serikali ya Jenerali de Gaulle, ambaye alifika mwenyewe Machi 1945, iliamua kijiji kiachwe kama wauaji walivyokiacha na kipya kijengwe kando yake. Sheria ya tarehe 10 Mei 1946 ikayaweka magofu chini ya ulinzi wa taifa. Tangu hapo yamekuwa mahali pa kuzuru, na kwa mwaka hupita watu laki kadhaa. Mlangoni pana neno moja, “Kumbuka”, na mgeni anaombwa anyamaze.

Wanaotaka kila jiwe lilindwe wana hoja nzito, na sitaki kuipitia harakaharaka. Idadi ya watu 643 ukiisoma kitabuni ni tarakimu. Ukitembea Oradour, inakuwa barabara. Unafuata reli ya tramu iliyokuwa ikienda Limoges, na juu ya nyumba nyingi pana kibao kidogo kinachosema hapa alikuwa mwoka mikate, hapa fundi viatu, hapa kinyozi, hapa mkahawa. Unatoka shule mpaka uwanja wa gulio, na kutoka uwanjani mpaka kanisani, kwa miguu, kama walivyotembezwa watoto, na miguu yako ndiyo inayokuambia kwamba haikuwa safari ndefu. Elimu ya namna hiyo haipatikani kwenye picha wala kwenye hotuba. Robert Hébras, aliyewaongoza wageni katika barabara hizo kwa miaka mingi, alifariki tarehe 11 Februari 2023 akiwa na miaka 97. Alikuwa manusura wa mwisho. Sasa, wasema watetezi wa magofu, shahidi aliyebaki ni ukuta, na shahidi haachwi afe kwa kukosa chokaa.

Upande wa pili huwa unasikika kwa sauti ya chini zaidi, maana kuhoji mahali kama hapa kunaonekana kama kukosa adabu. Lakini nao wana lao.

La kwanza ni Lidice, kijiji cha Wacheki. Tarehe 10 Juni 1942, miaka 2 kamili kabla ya Oradour, Wanazi walilipiza kisasi cha kuuawa kwa Reinhard Heydrich, mtawala wao katika nchi ya Wacheki, kwa kuwapiga risasi wanaume 173 wa Lidice. Wanawake walipelekwa katika kambi ya mateso ya Ravensbrück, na watoto 82 waliuawa kwa gesi. Kisha kijiji chenyewe kikavunjwa na kusawazishwa ili pasibaki hata alama. Leo anayezuru Lidice anakuta bonde la majani na sanamu za shaba za watoto 82 waliosimama pamoja. Hapana gofu la kuhifadhi. Hata hivyo Lidice haikusahaulika; bonde lile tupu linamshika mtu koo kuliko kuta nyingi. Kumbe kumbukumbu inaweza kusimama bila tofali.

La pili ni kwamba gofu linalotunzwa vizuri huanza kupendeza. Nyasi hukatwa, njia husafishwa, kiangazi jua huangukia mawe ya kahawia, na mtu anajikuta anatafuta pembe nzuri ya kupigia picha. Mgeni huyo simlaumu sana. Jicho la binadamu limeumbwa hivyo, na uzuri wa magofu ni kitu cha zamani. Ila waliochomwa pale hawakufa ili mahali papendeze, na kadiri mafundi wanavyofanya kazi nadhifu ndivyo ule ukatili unavyozidi kurudi nyuma.

La tatu linagusa ukweli wenyewe. Kwenye uwanja wa gulio kuna gari lililoliwa na kutu. Kwa miaka mingi wageni wameambiwa kuwa ni gari la yule daktari, na ndiyo picha mojawapo ya Oradour iliyosambaa zaidi. Watafiti wameeleza kwamba silo. Gari la daktari liliondolewa na jamaa zake siku chache baadaye, na hili ni la mtu mwingine. Kosa dogo, mtu atasema. Mimi naona si dogo. Linaonesha jinsi kitu kilichoachwa kimya kinavyopokea hadithi yoyote inayokaa vizuri mdomoni mwa msimulizi.

Hapo ndipo nilipo mimi katika mjadala huu: ukuta hauna ulimi. Wakanushaji wa mauaji ya Oradour wanalijua hilo kuliko watunzaji wake. Mmoja wao, aliyekamatwa Scotland na kurudishwa Ufaransa mwaka 2024, alijenga uongo wake kwa kuyasoma magofu yenyewe: hali ya mnara wa kanisa, kengele iliyoyeyuka. Akadai kwamba eti kanisa lililipuliwa na silaha zilizofichwa humo na wapiganaji wa msituni waliowapinga Wajerumani. Mawe yaleyale ambayo wengine wanayaita ushahidi usiopingika, yeye aliyageuza ushahidi wa kinyume chake. Kinachomkanusha ni maneno ya Marguerite Rouffanche, maneno ya wale 5 wa ghalani, kumbukumbu za mahakama na maungamo ya askari. Ukuta unasema tu kwamba palikuwa na moto. Nani aliuwasha na kwa nini, hilo husemwa na watu.

Na kuna jambo ambalo kuta za Oradour hazikutaka kusema kabisa, labda kwa sababu aliyezilinda hakutaka lisemwe. Januari 1953 watu 21 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Bordeaux. Hapakuwa na ofisa hata mmoja: Adolf Diekmann, aliyeongoza mauaji, alikuwa ameuawa vitani wiki chache baada ya Oradour, na Jenerali Lammerding wa divisheni alikuwa Ujerumani Magharibi, ambako alifariki mwaka 1971 bila kukabidhiwa kwa Ufaransa. Kati ya waliokuwa kizimbani, 7 walikuwa Wajerumani na 14 walikuwa watu wa Alsace, yaani raia wa Ufaransa. Ujerumani ilikuwa imelitwaa jimbo la Alsace mwaka 1940, na kuanzia 1942 ikawa inawasomba vijana wake jeshini kwa nguvu. 13 kati ya hao 14 walisombwa hivyo, mmoja alijiunga kwa hiari. Hukumu ilitolewa tarehe 13 Februari. Alsace ikawaka kwa hasira. Wiki moja tu baadaye, tarehe 20, sheria ya msamaha iliyopitishwa na bunge ikawafungulia wale 13.

Dola hiyohiyo, kwa sheria moja ikalinda mawe, kwa sheria nyingine ikawaachia waliowasha moto. Watu wa Oradour hawakunyamaza. Walirudisha nishani waliyotunukiwa, wakakataa kuwapokea wawakilishi wa serikali, wakabandika mlangoni mwa magofu majina ya wabunge 319 waliopiga kura ya msamaha. Serikali ilikuwa imewajengea kaburi kubwa la chini ya ardhi kwa ajili ya majivu ya wafu wao. Familia zilikataa kuyaweka humo. Wafu wao wako makaburini, chini ya mnara uliosimamishwa na familia zenyewe.

Alsace nayo ina machungu yake, na mtu wa haki hawezi kuyaruka. Vijana waliotoroka jeshi la Hitler walijua familia zao zingefukuzwa kwao. Tena wapo wakimbizi wa Alsace na Lorraine waliouawa Oradour siku ileile. Kidonda hakijafunga: Hébras alishtakiwa na vyama vya Alsace kwa sentensi iliyotilia shaka kwamba askari wale walilazimishwa, mwaka 2012 mahakama ya rufani ya Colmar ilimtia hatiani na kumtoza euro 1 ya ishara, na mwaka uliofuata mahakama ya juu ikaifuta hukumu hiyo. Mzee wa karibu miaka 90, aliyetoka chini ya maiti, anasimama mahakamani kwa ajili ya neno. Mambo haya ndiyo Oradour yenyewe. Lakini mgeni angeweza kuzunguka magofu siku nzima asione hata dalili yake. Kituo cha Kumbukumbu, chenye maonesho na nyaraka, kilifunguliwa mwaka 1999. Kwa zaidi ya nusu karne watu walikuwa wamezuru kijiji wakiwa na neno “Kumbuka” na machozi yao.

Msomaji wa Afrika Mashariki analijua swali hili kwa njia ya karibu zaidi. Huko Nyamata, Rwanda, ndani ya kanisa walimochinjwa maelfu ya Watutsi Aprili 1994, nguo za waliouawa zimerundikwa juu ya mabenchi ya waumini. Huko Murambi, miili ilihifadhiwa kwa chokaa ili asiwepo wa kukanusha. Wapo manusura waliosema iachwe ionekane, na wapo waliotaka jamaa zao walale ardhini kwa heshima kama wafu wengine. Sioni njia ya kusema kwamba kundi mojawapo lilikosea. Ila Wanyarwanda walifanya jambo ambalo Oradour ililichelewesha: waliwaweka manusura mlangoni pa kumbukumbu tangu mapema, wasimulie, wataje majina ya wauaji, waulizwe na wajibu. Nguo zikawa na mtu wa kuzisemea.

Kwa hiyo, uzibwe ukuta au uachwe? Ningeziba kuta, lakini si zote. Kanisa na yale maghala yashikiliwe kwa kila mbinu, kwa kuwa ndiko watu walikofia, na kwa kuwa uongo wa wakanushaji umejengwa hapohapo. Nyumba nyingine zihudumiwe kwa kiasi, na zile zitakazoinama ziachwe ziiname. Gofu linalozeeka mbele ya macho yetu linasema ukweli kuhusu muda. Gofu lisilozeeka ni kazi ya fundi. Najua baadhi ya jamaa wa waliouawa watalisikia hili kama tusi, na mwenye nyumba iliyochomwa ana haki ya kuuliza kwa nini mlango wa babu yake uwe wa kuachwa. Sina jibu litakalompoza. Lakini kama fedha ni za kuchagua, na huwa ni za kuchagua, zitangulie kwa nyaraka, kwa wanahistoria na kwa watu wa kuwasubiri wageni pale mlangoni.

Agosti 2020 watu wasiojulikana waliingia usiku, wakafuta kwa rangi neno “martyr” (yaani aliyeuawa bila hatia) kwenye ukuta wa Kituo cha Kumbukumbu na kuandika badala yake “mwongo”. Rangi ikafutwa, viongozi wakalaani. Mwaka huohuo ndipo idadi ya waliouawa, iliyokuwa 642 kwa miaka mingi, ilipokuwa 643. Aliyeongezwa ni mkimbizi wa Kihispania aliyeitwa Ramona Domínguez Gil, aliyekuwa amekimbilia Ufaransa na familia yake. Jamaa zake walikuwa kwenye orodha tangu zamani, yeye hakuwamo. Magofu aliyofia yalikuwa yamelindwa na kuzuriwa kwa zaidi ya miaka 70. Jina lake lilipatikana kwenye karatasi, na mtafiti aliyekwenda kulitafuta.