Banda Limetushinda!

Jamani, mpaka lini? Banda hili la kutengenezea ndege lilijengwa enzi za ndege mbili tatu ndogo za injini moja. Cessna 172, ncha ya bawa hadi ncha ya bawa mita 11, inaingia bila shida. Sasa wateja wanatuletea Cessna Caravan, ndege kubwa zaidi, mabawa karibu mita 16! Tuikunje?

Asubuhi fundi anataka ndege ya nyuma kabisa. Ya nyuma, kila siku ya nyuma! Basi tunatoa nne zilizo mbele: mmoja anavuta, wawili wanalinda ncha za mabawa, mwingine macho kwenye mkia, sote tumebana pumzi. Nusu saa imekwisha, hata boliti moja haijaguswa. Halafu mvua inanyesha. Rudisha zote!

Na ukaguzi wa kila baada ya saa 100 za kuruka hausubiri nafasi. Ndege ya mafunzo inazimaliza upesi, zikitimia inakaa chini mpaka ikaguliwe. Tuikagulie wapi, juu ya paa?

Ofisi ndiyo stoo, stoo ndiyo chumba cha marubani kupumzikia. Matairi yamekalia kiti cha mgeni. Mama anayeshika hesabu tangu siku ya kwanza anaandika ankara katikati ya vichujio vya mafuta, na bado anakumbuka jina la kila mteja. Mtu kama huyo anastahili meza!

Tunaomba kiwanja cha pembeni, tunaambiwa subirini. Tumesubiri hadi nyasi zake zimetupita kimo. Wenzetu wa mabanda madogo, nanyi mnaishi hivi?